KATOKA: Ujumbe Ulioniacha Nusu Kichwa

Nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha kinyozi, shuka jeupe shingoni, namchungulia mke wangu kwenye kioo.

Yeye hakujua. Duka lake liko ng'ambo ya barabara, linatazamana na la kinyozi. Mimi nilikuwa nimeupa mlango mgongo, lakini kile kioo kikubwa kilinionyesha kila kitu. Meza yake, foleni ya wateja, mpaka kikombe chake cha chai.

Simu yangu ikatetema chini ya shuka. Nikaitoa. Ujumbe wa neno moja.

KATOKA.

Nikainua macho. Mke wangu alikuwa amekaa palepale kwenye kiti chake. Hajasogea hata hatua moja.

Nikamwambia kinyozi azime mashine. Alikuwa ameshanyoa upande wa kushoto wote.

Najua kuna mtu hapo ameshaanza kuwaza mambo ya kishirikina. Si ushirikina. Ni wivu. Afadhali ungekuwa ushirikina, ningepata wa kumsingizia.

Ngoja nianze mwanzo.

Mimi ni fundi. Wanaonijua wananiita Chaji, kwa sababu nilianza na kutengeneza chaja za simu. Siku hizi nafunga intaneti kwenye maduka na maofisi. Rauta, modemu, waya, ndiyo riziki yangu.

Mke wangu ana duka la kuchapa na kujazia watu fomu mtandaoni. Wanaliendesha wawili, yeye na dada yake mkubwa, yaani shemeji yangu. Shemeji alileta mashine ya fotokopi. Mke wangu akaleta kompyuta na akili. Mimi nikaleta intaneti.

Niliwafungia rauta ndogo, kijisanduku tu, ndani yake kuna Linux, mfumo unaokubali kuandikiwa amri kama kompyuta. Nikachomeka modemu yenye laini ya simu. Modemu inavuta mtandao wa simu, rauta inaugawa dukani kwa WiFi. Kazi safi, niliipiga hata picha.

Paswedi ya kuingilia ndani ya rauta nikabaki nayo mwenyewe. Mke wangu aliwahi kuniuliza, nikamwambia hayo ni mambo ya kiufundi, hayamhusu. Duka ni lake, lakini nilimjibu hivyo.

Sasa kuhusu wivu. Mimi nina wivu, tena si wa kawaida. Nikiingia nyumbani naangalia kwanza viatu mlangoni, ndipo nasalimia watu. Mke wangu akiongea na muuza maziwa sentensi mbili, ya tatu naihesabu mimi. Marafiki zangu walishazoea kunitania, mimi nacheka nao, lakini moyoni moto unawaka.

Mwanzoni intaneti ya dukani ilikuwa na matatizo madogo tu. Mchana watu wakiwa wengi kwenye mtandao, inakuwa nzito. Mke wangu ananipigia, "Mwenzangu, haisogei." Namjibu, "Zima, washa." Nakata simu.

Mteja wa mbali akinipigia, nakimbia na begi langu. Mke wangu nampa maneno mawili. Walisema mganga hajigangi, lakini mimi nilizidisha.

Halafu wiki moja akaacha kunipigia.

Hakulalamika tena. Akawa anaondoka nyumbani saa kumi na mbili asubuhi, kajipulizia manukato, kavaa vizuri. Nilipomuuliza, akaniambia asubuhi mtandao ni mwepesi, anawahi kutuma fomu kabla mji haujaamka.

Jamani, hayo ndiyo maneno ninayowaambia wateja wangu kila siku ya Mungu. Lakini yalipotoka kinywani mwa mke wangu nikakataa kuyaamini. Nikajiambia, mwanamke akiacha kulalamika kwako, ujue kapata pa kulalamikia.

Jumapili, duka likiwa limefungwa, nikachukua funguo. Nikamwambia naenda kufuta vumbi kwenye rauta.

Nikaingia ndani ya rauta nikaandika skripti, yaani orodha ya amri zinazojiendesha zenyewe. Mistari kumi na saba. Kazi yake ilikuwa hivi: simu ya mke wangu ikishika WiFi ya duka, rauta itumie laini ileile ya modemu kunitumia ujumbe, KAINGIA. Simu ikiachia WiFi, inanitumia KATOKA. Simu ile haitoki mkononi mwake, kwa hiyo ilipo simu na yeye yupo. Nikaona nimepata askari asiyelala, asiyekula, na asiyetongoza.

Nikaijaribu kwa simu yangu mwenyewe. Ujumbe ukaingia. Nikacheka peke yangu mle dukani, nikafunga mlango, nikaenda zangu.

Nilipima ujumbe. Sikupima intaneti. Hata fundi aliyeanza kazi jana asingeondoka hivyo, lakini wivu hauna ufundi.

Jumatatu saa kumi na mbili na dakika arobaini asubuhi, KAINGIA. Nikatulia, nikanywa chai yangu kwa raha.

Dakika sita baadaye, KATOKA.

Nikaweka kikombe chini. Saa moja unusu, KAINGIA. Dakika tatu, KATOKA. Mpaka saa sita mchana alikuwa ametoka mara tisa.

Jiwekeni kwenye nafasi yangu. Mtu ametoka nyumbani alfajiri ananukia, anafungua duka dakika sita, anaondoka. Anarudi dakika tatu, anaondoka tena. Anakwenda wapi? Kwa nani? Nilikuwa nachomelea simu ya mteja, nikajichoma kidole na sikuhisi kitu.

Mchana huohuo akanipigia. Akasema leo intaneti si nzito, leo inakufa kabisa. Ikirudi haimalizi dakika mbili.

Nami na zile KATOKA tisa mfukoni nikamjibu, "Kama hukai dukani, utajuaje kwamba inakufa?"

Akauliza, "Unasemaje?"

"Nasema zima, washa."

Akakata. Hakunipigia tena wiki nzima.

Kesho yake shemeji akanisimamisha njiani, mikono kiunoni, na habari zake. Alisema wamempata fundi anayepokea simu. Alilitamka hilo neno, anayepokea, kwa kulivuta ili linifike vizuri. Nikamuuliza ni nani. Akamtaja.

Mtaratibu.

Kama kuna mwanaume mmoja ambaye sikutaka alijue duka la mke wangu, ni huyo. Mrefu, mpole, anaongea kama anayembembeleza mtoto alale. Wanawake wa mtaa mzima, hata pasi ikiharibika wanamwita yeye. Na anavaa shati lililopigwa pasi. Fundi gani anaingia chini ya meza za watu na shati lililopigwa pasi?

Wiki ile ikawa hivyo. Intaneti inakufa, wanamwita. Anazima modemu, anaiwasha, anahamisha tundu, anapeleka antena dirishani, anaangalia mawimbi, mawimbi yamejaa. Anaangalia laini, laini ina bando. Intaneti inarudi. Anapanda baiskeli yake. Hajafika kona ya kwanza, imekufa. Wanamwita tena.

Habari hizi nilikuwa nazipata mezani wakati wa chakula, mke wangu akisimulia kwa uchovu. Na niseme ukweli wangu, nilikuwa nafurahi. Kila nilipoambiwa imekufa tena, moyo wangu ulipoa. Nikawa namwambia kwa kejeli, "Mwite tena, si ndiye fundi wenu." Sikujua ninachokifurahia.

Tatizo ni kwamba ziara za Mtaratibu zikaanza kurefuka. Jumatano nilipita nje ya duka, nikijifanya naenda kununua risasi ya kuchomelea. Nikawaona. Wamekaa bega kwa bega mbele ya kompyuta ya yule bwana. Mke wangu anacheka.

Kicheko kile nakijua. Kicheko kile ndicho kilichonifanya nimuoe. Na nyumbani kwangu sikuwa nimekisikia muda mrefu.

Nikaenda hadi mwisho wa mtaa, nikasimama karibu na nguzo ya umeme kama mtu anayesubiri usafiri, hali sikuwa na pa kwenda. Nilitamani yule mwanaume aanguke na baiskeli yake. Nilitamani shati lake lidondokewe na wino wote wa lile duka.

Jioni nikamuuliza mke wangu, "Yule fundi wenu anafanya nini saa mbili nzima?"

"Anatafuta ugonjwa."

"Ugonjwa wa nani?"

Akaweka kijiko chini, akaniangalia. "Wa rauta. Ulidhani wa nani?"

Akaendelea kwa upole, upole ambao leo nikiukumbuka unaniuma. Alisema modemu ikichomekwa kwenye kompyuta inafanya kazi vizuri, ikirudishwa kwenye rauta inazimia. Kwa hiyo kitu kibaya kimo ndani ya rauta. Akaniomba paswedi.

Hapo kwa mara ya kwanza nikaogopa. Ndani ya rauta kuna mistari yangu kumi na saba. Nikakunja uso, nikasema kama yule fundi anaitaka paswedi aje aniombe mwenyewe, mwanaume kwa mwanaume.

"Mwenzangu," akasema, "Ijumaa saa kumi na moja jioni wanafunga maombi ya vyuo. Nina watoto thelathini na mmoja wa watu. Fomu zao zikikwama kwangu, mwaka wao umepotea. Na dada ameshasema, zikikwama, anaondoa mashine yake na duka basi."

Nilisikia kila neno. Lakini kichwani mwangu kulikuwa na kicheko tu.

Ijumaa sikwenda kazini. Nikaenda kwa kinyozi.

Kinyozi akanitazama kichwa, akashangaa. Alikuwa amenyoa kichwa hikihiki Jumanne. Akaniuliza, "Chaji, leo nikunyoe nini, mawazo?" Nikamwambia anyoe polepole, sina haraka. Akatikisa kichwa, akanifunga shuka.

Kwenye kioo niliona foleni ya wanafunzi na wazazi wao imefika hadi nje ya duka. Shemeji amesimama mlangoni, amekunja mikono, anaangalia saa ya ukutani kila dakika. Saa nane na nusu, baiskeli ikasimama. Mtaratibu akaingia na begi lake.

Akainama chini ya meza, akainuka. Nikaona watu wanachangamka, kitu kimerudi. Mke wangu akachukua simu yake, akabonyeza mara moja ili ahakikishe na yeye anapata.

Simu yangu ikatetema. KAINGIA.

Nikashangaa. Aingie wapi, na yumo tangu asubuhi?

Haijapita nusu dakika, watu wote kwenye foleni wakaguna. Nilisikia mguno hadi kwa kinyozi. Mke wangu akashika kichwa. Kisha akachukua simu, akabonyeza tena kwa kidole gumba, akaanza kujaza fomu ya mtoto mmoja kwa simu yake.

Simu yangu ikatetema. KATOKA.

Hapo ndipo nilipoanzia kuwasimulia. Nusu ya kichwa imenyolewa, nusu ina nywele, mke wangu amekaa mbele ya macho yangu na askari wangu ananiambia ametoka.

Nikasema labda nimeona vibaya. Nikasubiri. Mtaratibu akachomoa, akachomeka. Watu wakachangamka. Mke wangu akagusa simu. KAINGIA. Mguno. Akagusa simu. KATOKA.

Ndugu zangu, kuna wakati akili inarudi mtu anatamani isingerudi.

Modemu ile ina mlango mmoja mwembamba. Kuna programu ndani ya rauta inayoushika huo mlango ili intaneti ipite. Sasa skripti yangu, kila ilipotaka kunitumia ujumbe, ilikuwa inakuja kwa nyuma na kuusukuma mlango uleule bila hodi. Wanagongana. Ujumbe unapita, modemu inaduwaa, intaneti inakufa.

Mke wangu akiona imekufa, anazima WiFi kwenye simu atumie bando lake mwenyewe, wateja wasikwame. Mimi naletewa KATOKA.

Yaani zile KATOKA zote, mke wangu hakwenda popote. Wiki nzima hakwenda popote. Alikuwa amekaa kwenye kiti chake anawaokoa watoto wa watu kwa bando lake.

Na kila ilipokufa, nani aliitwa? Mtaratibu. Kwa hiyo mwanaume niliyekuwa sitaki amkaribie mke wangu, mimi ndiye niliyekuwa namwita, mara nne kwa siku, kwa mkono wangu mwenyewe. Kikulacho ki nguoni mwako, wazee walisema, na mimi nguo nilikuwa nimeishona mwenyewe.

Saa ya kinyozi ilikuwa saa tisa na robo. Nikainuka. Nikavuka barabara na shuka shingoni, kinyozi nyuma yangu anapiga kelele kwamba shuka lake linaondoka.

Nilipoingia dukani foleni ilinyamaza. Mtoto mmoja akacheka, mama yake akamfinya. Shemeji akaniangalia kuanzia nywele mpaka upara.

Nilitarajia kumkuta Mtaratibu mbele ya kompyuta. Yeye alikuwa amesimama nyuma, mikono mfukoni. Aliyekaa kwenye kiti, vidole juu ya kibodi, alikuwa mke wangu.

Kwenye kioo cha kompyuta kulikuwa na maandishi meupe juu ya weusi. Kumbukumbu za rauta, kila tukio na saa yake. Mke wangu alikuwa anazisoma kwa kidole.

"Hapa modemu inajibu," alisema bila kugeuka. "Hapa haijibu. Katikati kuna kitu kinatuma ujumbe. Si sisi."

"Kitafute, dada," Mtaratibu akamwambia. "Unajua pa kuangalia."

Akaandika amri. Kisha nyingine. Nilitaka kuruka niung'oe waya, lakini nilikuwa nimeshachelewa. Mistari yangu kumi na saba ikafunguka mbele ya watu.

Kwenye mstari wa tatu kulikuwa na namba ya utambulisho ya simu. Mke wangu akachukua simu yake, akatafuta namba yake, akalinganisha herufi kwa herufi. Ni yenyewe.

Mwisho kabisa kulikuwa na namba ya simu inayotumiwa ujumbe. Hiyo hakuilinganisha na kitu. Namba yangu anaijua kwa kichwa.

Akageuka. Akaniona na shuka langu na nusu kichwa changu.

Mtaratibu aliangalia kioo cha kompyuta, akaniangalia mimi, akachukua begi lake. Alipopita karibu yangu akasema kwa sauti yake ileile, "Kaka, kazi yangu hapa imeisha." Baiskeli ikaondoka.

Mimi, badala ya kuomba msamaha, swali la kipumbavu likanitoka. "Paswedi mmeipata wapi?"

"Tarehe ya ndoa yetu," mke wangu akasema. "Nilijaribu mara moja tu. Nilijua huwezi kuweka nyingine."

Nikatafuta pa kuangalia, sikupapata.

"Nilikuomba msaada, ukanijibu zima, washa," akasema. Hakupaza sauti. "Nikamwomba huyu anifundishe, ili nisikusumbue tena. Jumatano nilikuona ukipita. Nilikuwa nacheka kwa sababu modemu ilinijibu. Niliandika amri mwenyewe, kwa mara ya kwanza, ikanijibu sawa. Nikasema nikifika nyumbani nitamwonyesha mume wangu. Ukanipokea na ugonjwa wa nani."

Shemeji ndiye aliyeingilia kati. Akasema mambo ya ndoa yatasubiri, saa kumi na moja haisubiri. Nikasogea ili niifute ile skripti.

"Usiguse," mke wangu akasema.

Akaisimamisha mwenyewe. Akaiwasha modemu upya. Intaneti ikarudi. Akachukua simu yake, akawasha WiFi, akaiweka juu ya meza. Tukasubiri sote, foleni yote, mpaka mwanafunzi aliyekuwa mbele alikuwa ameshika pumzi.

Haikufa.

Fomu zikaanza kwenda. Mimi nikapewa kazi na shemeji. "Wewe nusu kichwa, shika stepla." Nikabana karatasi za watoto thelathini na mmoja, mzazi baada ya mzazi, kila mmoja akiniangalia kichwani. Fomu ya mwisho ilipita saa kumi na dakika arobaini na nane.

Jioni ile mke wangu hakurudi nyumbani na mimi. Alikwenda kwa dada yake. Mlangoni aliniambia neno moja tu: amechoka kulindwa kama ghala.

Nikarudi kwa kinyozi. Akanivua shuka lake, akamaliza upande wa kulia, hakuniuliza chochote. Nadhani mtaa mzima ulikuwa umeshamwambia.

Siku kumi na nane hakurudi.

Nyumba ilikuwa kimya. Nikifika mlangoni naangalia viatu kama kawaida yangu, nakuta vyangu tu. Nilikuwa nimetaka mwanaume mwingine asiwepo, na kweli hakuwepo. Hakuwepo mtu yeyote.

Siku ya nane nikajikaza, nikampigia Mtaratibu nimwombe radhi. Nilidhani atanicheka. Akaniambia siku ya pili tu alishataka kuifuta rauta yote aanze upya, ingepona ndani ya robo saa. Mke wangu ndiye aliyemkataza. Alimwambia mle ndani kuna kazi ya mume wake, alikesha akiifunga, asiiharibu.

"Mkeo ana kichwa," akaniambia kabla ya kukata. "Ungemfundisha wewe."

Siku ya kumi na nane, saa kumi na moja jioni, simu ikatetema. Namba ya laini ya dukani, ileile ya modemu. Nikajua skripti haikufa, imenifufukia.

Nikafungua.

"NIMETOKA. Nakuja nyumbani. Huu nimeuandika mwenyewe, na intaneti haijakatika. Ukiniuliza nilikuwa wapi, nageuza."

Niliusoma mara nyingi. Nikafagia sebule ambayo ilikuwa imeshafagiliwa. Nikakaa.

Alipoingia akavua viatu, akaviweka karibu na vyangu. Kooni nilikuwa na maswali mia. Nikayameza yote, likabaki moja, la kifundi.

"Umetumaje ujumbe bila kukata intaneti?"

Hapo akatabasamu, kwa mara ya kwanza.

"Niliiomba programu inayoushika mlango itume yenyewe," akasema. "Wewe ulikuwa unasukuma. Kumbe ukiomba tu, inakutumia."

Miaka yangu yote ya ufundi, hilo nilikuwa silijui. Nilijua kusukuma.

Sitawadanganya kwamba nimepona. Mtaratibu akipita na baiskeli yake na lile shati, bado kuna kitu kinanichoma hapa kifuani. Lakini sasa nikichomwa, namwendea mwenye jibu namuuliza, na mara nyingi jibu huwa dogo mno kuliko nilivyolipika kichwani.

Kwa hiyo wewe unayesoma hapa huku umeshika simu ya mwenzako mkononi, unatafuta alikuwa wapi na nani: huyo mwenzako yuko chumba cha pili. Nenda ukamuulize, tena umuulize vizuri. Ukimlinda kwa siri, siku moja utamwitia mwenyewe yule unayemwogopa.

Nywele zangu zimeshaota, pande zote mbili sawa. Paswedi ya rauta mke wangu ameibadilisha. Siijui, na sijaiuliza.